Tambiko Alilolisahau Bok-hui

"Mama, mbona jikoni hakuna hata harufu ya chakula?"

Hyeon-cheol alisimama mlangoni na kapu la peasi. Bok-hui, ndiyo kwanza anavua viatu, akaganda. Jioni hii ilikuwa ya tambiko la kila mwaka la kumwandalia chakula marehemu mumewe, naye hakuwa ameosha hata mchele. Tangu afiwe hakuwahi kulisahau, ingawa tarehe yake hufuata mwezi mwandamo na kuhama kila mwaka. Na ndiye huyu aliyejisifu kwamba kichwa chake wembe, kwa vile kila siku hucheza karata za maua na wazee wenzake ili uzee usimle kumbukumbu.

Asubuhi iliyofuata mwanawe akampeleka kliniki. Wakamwambia achore saa, ahesabu kinyumenyume, ataje vitu alivyoonyeshwa. Akavitaja vyote. Daktari akasema mama ni mzima.

Garini Hyeon-cheol akashikilia kwamba vipimo hukosea, mwenye akili timamu hasahau tambiko, kwa hiyo mama ahamie kwake Seoul na nyumba ya mama hapa Andong iuzwe. Bok-hui alikumbuka alivyowahi kukaa huko ghorofani, mwana na mkwe kazini kutwa, yeye akiongea na runinga. Upweke ule aliuogopa kuliko kaburi.

Simu ikatetema. Ujumbe wa mzee Pil-gyu, mgane anayecheza naye karata: "Mama Hyeon-cheol, wanasema unaumwa. Sina raha."

Akausoma mara mbili.

"Simamisha gari, mwanangu."

"Unataka kutapika?"

"Mimi siumwi. Jana nilikuwa na mwanamume. Tulikwenda kula samaki mtoni, akanichekesha mpaka jioni. Baba yako hakunijia akilini kabisa."

Hyeon-cheol akakaza macho barabarani.

"Afadhali ungekuwa mgonjwa."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza."

Alimrudisha hadi getini, akamshushia mkoba.

"Kuanzia mwakani tambiko la baba nitalifanya kwangu."

"Nami nitakuja?"

"Utaamua mwenyewe."

Akaondoka bila kuinama kumuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mama yake. Nyumba ilikuwa kimya, ya baridi, na ni yake bado. Bok-hui akakaa sakafuni na koti lake, akapiga simu.

"Nimemwambia mwanangu."

"Nije?" Pil-gyu akauliza.

"Njoo. Lakini leo usinichekeshe."