Shikamoo Aliyopewa Shimba

"Huyo mwanamuziki wako leo amenipita kama jiwe la barabarani!"

Mzee Malimi alitamka hayo kabla hajavua kofia. Odeta alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo ukamsimama mikononi.

"Nani, baba? Okech?"

"Kwani unao wangapi? Nimemkuta Igoma, anatoka kwenye kile kibanda chake cha kelele. Nikasimama. Mimi, mstaafu wa bandari, nimesimama juani nimngoje kijana anipe shikamoo yangu! Akanitazama usoni hivi, akapita."

"Labda hakukuona, baba."

"Odeta, mimi ni sisimizi?"

Mama yake, Modesta, akaangua kicheko jikoni, kisha akakimeza. Halikuwa jambo la kuchekea. Barua ya posa ya Okech ilikuwa na wiki sita kabatini, na Jumapili hiyo ndiyo alitakiwa kufika nyumbani kwao Pasiansi apewe jibu. Wiki sita mzee alikuwa anaitafuna ile barua bila kuimeza: Mjaluo wa Rorya, hana duka, hana mtumbwi, kazi yake kubonyeza kompyuta itoe ngoma ambazo hakuna aliyezipiga.

"Jumapili aje," mzee alisema. "Anisalimie mbele ya ndugu zangu. Akinisalimia kama mtu na mzee wake, nitasema leo alikuwa na mawazo, na binti nitampa. Asiponisalimia, asinilaumu."

Kesho yake, Alhamisi, Odeta alitoka kazini akaenda moja kwa moja Igoma.

Studio ya Okech ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fundi makochi. Madirishani alikuwa ameegemeza magodoro ili makelele ya barabara yasiingie, na jua nalo likakosa pa kupita. Nje saa tisa alasiri, mabati yanalia kwa joto. Ndani giza totoro, na katikati ya giza kioo cha kompyuta kinawaka kama jicho la paka. Okech alikuwa amekikaribia hadi pua inataka kukigusa. Mgongo umepinda. Mkono mmoja kwenye kipanya, mwingine kwenye kinanda.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Asubuhi ya lini?"

Akacheka bila kugeuka. "Odeta, mama, nivumilie kidogo. Kwaya ya watu sitini inataka kanda yake Jumamosi, na ngoma ya wimbo wa nne inachechemea. Ona hivi vijistari. Kila kijistari ni pigo moja. Kimoja kikisogea unywele tu, waimbaji wote wanaonekana walevi."

"Jana umempita baba yangu barabarani hukumsalimia."

Mkono wa Okech ukaganda juu ya kipanya.

"Sikumwona."

"Okech, baba yangu ana kilo tisini."

"Sikumwona, Odeta!"

Odeta akaenda dirishani, akaling'oa godoro. Mwanga ukamwagika chumbani. Okech akapiga ukelele, akajifunika uso kwa mikono miwili kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Alipoitoa mikono, Odeta aliona macho mekundu, makavu, yamevimba kope.

"Una nini?"

"Funga kwanza."

"Sifungi. Una nini?"

Nje fundi makochi alikuwa anagongomea misumari.

"Nikikaa hapa saa nyingi, nikitoka nje watu wanakuwa moshi," alisema hatimaye. "Naona nguo, sioni uso. Taa zinaota pete. Kichwa kinagonga hapa, juu ya nyusi. Mwanzo nilikuwa nalala, asubuhi kunakuwa sawa. Siku hizi hata asubuhi ukungu upo."

"Umekwenda hospitali?"

"Nikaambiwe nini? Babu yangu, baba wa mama, alipofuka hana hata miaka arobaini. Akawa anaongozwa kwa fimbo mpaka kufa. Najua kinachokuja."

Odeta akavuta kreti la soda akakaa mbele yake. Hapo ndipo alipokumbuka siku ya posa, baba yake mkubwa alivyouliza kama desturi inavyotaka: kwenu hakuna kifafa? Hakuna ukoma? Hakuna upofu? Na Okech, kifua mbele, alivyojibu: hakuna.

"Uliwadanganya wazee."

"Ningesemaje? Wangeniacha hata nimalize soda?"

"Sikiliza, mimi nimesomea uhazili. Miaka miwili nimekaa mbele ya mashine ya chapa, na sasa kiwandani nakaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Mwalimu wetu alikuwa anatupiga rula mabegani. Kaa wima! Kioo kiwe mbali nawe urefu wa mkono, na macho yakitazame kwa chini kidogo. Usikae gizani na kioo kinawaka, macho yanapigana. Pepesa. Kila nusu saa simama, toka nje, tazama kitu cha mbali, mlima au ziwa, mpaka macho yalegee. Wewe hayo yote unayafanya kinyume. Unajuaje kama si uchovu tu?"

"Uchovu hauleti moshi."

"Daktari wewe?"

"Na wewe je?"

Wakatazamana, wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wenye hofu moja. Odeta akapandisha kioo juu ya makreti mawili, akakipunguza mwanga, akakiondoa kigoda alichokuwa amekalia Okech, akaazima kiti chenye mgongo kwa fundi makochi. Akamshika mkono hadi nje, akamwonyesha mawe ya kilimani.

"Tazama kule mpaka nihesabu mia."

Alipofika ishirini na tano, Okech alikuwa amekwisha rudi ndani.

"Wimbo haupumziki, Odeta!"

"Wimbo hauna macho! Wewe unayo!"

Akamkuta keshainama tena, pua kwenye kioo, kiti kizuri kimemsubiri bure nyuma ya mgongo.

"Nikimaliza Jumamosi nitapumzika. Nitakwenda hospitali, nakuahidi. Ila na wewe niapie. Usimwambie mtu. Wala baba, wala mama."

"Baba ukimweleza ataelewa kwa nini hukumsalimia."

"Atanielewa, halafu ataninyima mke. Apa, Odeta. Ukiniacha nitambulishwe kwenu kama kipofu, mimi nimekufa."

Odeta aliapa kwa kaburi la bibi yake mzaa baba, ambalo hakuna Msukuma wa ukoo ule aliyewahi kuliapia akavunja.

Jumapili, saa tisa alasiri, sebule ya Mzee Malimi ilijaa. Baba mkubwa, shangazi wawili, mama Modesta na kitenge kipya. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kochi lake kubwa, ambalo hakuna mwingine anayelikalia. Sekunde chache kabla ya hodi aliinuka kwenda uani kunawa mikono. Shimba, mdogo wake Odeta, kijana wa miaka ishirini mwenye mwili wa baba yake na utani usiojua mahali, akajitupa pale kochini.

"Hodi!"

"Karibu!"

Okech aliingia kutoka juani. Shati jeupe, viatu vinang'aa. Hakuwa amelala kitandani tangu Ijumaa. Kanda ya kwaya, iliyotakiwa Jumamosi, ilikuwa imemalizika saa tatu asubuhi hiyo. Odeta, kasimama mlangoni mwa jikoni, aliona anavyoyakaza macho. Aliona anavyolitafuta lile kochi.

Okech alikwenda mpaka mbele ya kochi, akainama, akanyoosha mikono miwili kwa heshima zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu!" Shimba akajibu kwa sauti nzito ya kuigiza. "Wazima huko Rorya? Ng'ombe hawajambo?"

Shangazi mmoja akachekea kwenye khanga. Kisha akaona aliyesimama mlango wa uani, akanyamaza. Mzee Malimi alikuwa pale, maji yanamdondoka vidoleni.

"Jumatano umenipita," alisema taratibu. "Leo shikamoo yangu umempa mtoto wangu, nyumbani kwangu, mbele ya kaka yangu. Kijana, unanichezea?"

Okech akageuka, akaielekea sauti. "Baba, nisamehe. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Okech akashika ukingo wa kochi.

"Nakuuliza ulidhani nini? Huyu ana mvi? Huyu anafanana na mtu wa kupewa shikamoo na wewe?"

"Baba, utani tu," Shimba akajaribu, tayari ameruka kutoka kochini.

"Nyamaza! Nasema na mkubwa wako."

Okech aligeuza uso kuelekea mlango wa jikoni. Macho yake hayakumpata Odeta, yalimpata shangazi. Akabaki anamtazama shangazi, na Odeta akaushika mdomo wake kwa kiganja ili neno lisimtoroke. Nimeapa, alijiambia. Nikisema, nimemuua.

"Hana jibu," baba mkubwa akasema.

"Basi mimi ninalo," Mzee Malimi akasema. Akafungua kabati, akaitoa barua, akamwekea Okech mkononi. "Soma mwenyewe njiani. Binti yangu haendi kwa mtu anayeniona takataka."

Okech aliipokea ile barua, akapapasa ukingo wa mlango kabla ya kutoka. Watu walisema amelewa.

Siku mbili baadaye simu ya ofisini, pale kiwanda cha minofu ya samaki alikofanya kazi Odeta, iliita.

"Odeta, ni mimi. Naondoka kesho kwenda nyumbani. Wajomba wameniita."

"Okech, niruhusu niseme. Nifungulie kile kiapo."

"Useme nini sasa? Wataniita mwongo pia."

"Nenda hospitali basi. Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako ningefanya mengi," alisema, na waya ukakatika. Odeta alipiga chapa barua tano za samaki siku hiyo, zote tano zikarudishwa kwa makosa.

Wiki ya kwanza aliomba. Wiki ya pili aliacha kula. Ya tatu, Jumamosi asubuhi, mama Modesta alirudi sokoni na habari kwamba yule Mjaluo ameonekana Igoma. Odeta akaingia sebuleni, akapiga magoti mbele ya kochi, akakivunja kiapo cha kaburi la bibi yake.

"Baba, Okech alikuwa haoni."

Akaeleza yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, chai inapoa.

"Haoni," alirudia. "Siyo kwamba hanioni mtu?"

"Haoni kwa macho, baba. Kwa moyo alikuwa anakuona sana. Hakulala siku mbili ili amalize kazi awahi kuja kukusalimia."

"Sasa wewe, ng'wanone, mwanangu, siku ile ulisimama pale mlangoni unafanya nini?"

"Aliniapisha. Aliogopa utamnyima."

Mzee Malimi akakisukuma kikombe. Uso ulimzeeka pale pale.

"Mgonjwa ningempa. Mgonjwa anauguzwa. Niliyemkataa ni mwenye dharau, kumbe hayupo, hajawahi kuzaliwa." Akainuka, akatafuta kofia asiione, na ilikuwa kichwani. "Nenda kamlete. Mwambie mimi ndiye nitakayemwamkia. Nenda, Odeta!"

Alipofika Igoma, magodoro yalikuwa yameondolewa madirishani. Chumba kilijaa mwanga kama hakijawahi kuwa studio. Kompyuta ilikuwa imefungwa kwenye shuka, na Okech amepiga magoti anakunja nyaya. Akainua kichwa.

"Odeta. Umekonda."

Alisema hivyo kutoka upande wa pili wa chumba. Odeta akaegemea ukuta.

"Unaniona?"

"Nakuona mpaka kidoti cha shingoni. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Akanitazama kwa vitochi vyake, akaniambia si upofu, si ugonjwa wa babu. Akasema kaa wima, usikae gizani, pepesa, kila nusu saa toka nje tazama mbali. Maneno yako, Odeta, moja baada ya jingine. Wiki mbili sikugusa kioo, moshi ukaondoka."

Odeta alicheka, na kicheko kikageuka njiani.

"Nimemwambia baba. Amekubali, Okech. Anakuita. Anasema yeye ndiye atakusalimia."

Okech akaziacha zile nyaya. Hakusimama.

"Lini amesema?"

"Leo. Sasa hivi."

"Leo," alisema. Akatazama mlango wa nyuma, ulioelekea barazani. "Mama alisema mwanaume aliyekataliwa asiachwe peke yake. Ng'ombe walikuwa tayari zizini, Odeta. Ni wale wale niliowaandaa kwa ajili yako. Jumamosi iliyopita wamepelekwa mahari kwa kina Awuor."

Fundi makochi alikuwa kimya siku hiyo. Hapakuwa na kelele ya kujificha ndani yake.

"Ungeningoja," Odeta akasema.

"Ulinyamaza."

"Uliniapisha!"

"Nilikuapisha. Lakini pale sebuleni, nilikuwa nakuomba moyoni uvunje."

"Ungenionyesha basi. Ungenikonyeza hata."

"Nikukonyeze kwa macho gani?"

Odeta alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akapitia mlango wa nyuma ili asipite mbele ya watu wa barabarani. Barazani, juu ya boksi la kinanda, alikuwa ameketi msichana mwenye kitenge kipya kisichowahi kufuliwa. Akainuka haraka.

"Karibu dada. Wewe ni wa kwaya?"

"Hapana. Mimi ni mpiga chapa." Odeta alitaka kupita. Akashindwa. "Wewe ndiye Awuor? Nisikilize. Huyu akikaa kwenye ile mashine husahau kwamba ana mwili. Usimwache gizani. Kiti chake kiwe na mgongo. Kila nusu saa atoke nje atazame mbali."

"Nusu saa nitaijuaje, dada? Sina saa."

"Kila ukimkumbuka, mwite."

Awuor akatabasamu kwa aibu ya bibi harusi. "Na asipotoka?"

"Ingia umtoe," Odeta akasema. "Akikukatalia, mtoe. Akikuapisha usiseme, sema."