Ukumbi Wenye Misalaba ya Shaba

King'ora cha kiwanda kilipolia asubuhi, Laurentine alikuwa amekwisha kurudi bombani na ndoo yake, na makaa ya chai yalikuwa yameshika moto. Baba yake, Papa Zéphirin, alikunywa chai haraka akaenda kazini kwenye reli. Mama Victorine alishika ufagio wa uani. Ndivyo siku zilivyoanza nyumbani kwao, mtaa wa Waafrika uitwao Kenya mjini Élisabethville, enzi za Wabelgiji, tangu walipotoka Kongolo kufuata kazi.

Laurentine alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, katika darasa la mwisho la shule ya wasichana. Kwa Kifaransa hakuna aliyemfikia, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri. Mwaka ule upepo wa mvua za mwisho uling'oa paa la ukumbi wa shule, na sherehe ya kutoa vyeti ilikuwa inakaribia. Ukumbi wa parokia nao ulikwisha kuchukuliwa na watu wa harusi. Ndipo Mama Clotilde, mtawa aliyeongoza shule, aliposikia kwamba jumba la makumbusho, kule mjini kwa Wazungu, lingeweza kuwapokea.

"Sherehe ni yenu," aliwaambia wasichana. "Laurentine na Simone, nendeni mkapaangalie. Mpapime kwa ajili ya watu wote, kisha mje mtuambie kama panafaa."

Simone alikuwa rafiki yake Laurentine, binti wa mfanyabiashara kutoka Kasai. Walipoingia katika jumba lile, wote wawili walikanyaga kwa ncha za vidole. Sakafu iling'aa kama maji. Ndani ya makabati ya vioo mlikuwa na vinyago, ngoma, na misalaba ya shaba ambayo wazee wa zamani waliitumia kama fedha. Laurentine alijiona amesimama pale, gauni jeupe, cheti mkononi.

"Iko muzuri, lakini bamama batakaa wapi?" Simone aliuliza kwa Kiswahili cha mtaani kwao, akaenda nyuma kuupima ukumbi kwa hatua.

Mtunzaji wa jumba, kijana wa Kibelgiji, alibaki na Laurentine, akamwambia kwa Kifaransa: "Wanafunzi na masista wataketi humu. Wazazi wenu watangoja uani. Hawajazoea mahali kama hapa, wataharibu vitu."

Maneno hayo yalimchoma Laurentine. Hata hivyo aliitazama tena ile sakafu, akaitika tu kwa kichwa. Simone aliporudi na kumuuliza bwana yule alisema nini, alijibu, "Amesema karibu, na wazazi wana nafasi yao."

Kesho yake aliwaeleza wenzake habari za vioo na misalaba ya shaba mpaka darasa zima likapiga makofi.

"Na wazazi?" Mama Clotilde aliuliza.

"Nafasi yao ipo," Laurentine alisema. Hakusema ni nafasi gani.

Jioni alimkuta mama yake amekunjua kikwembe kipya, kitenge cha sherehe, mapajani, anakitazama kama mtoto mchanga.

"Mutoto yangu," Mama Victorine alisema, "mimi sijaingia hata siku moja mu nyumba ya namna ile. Batakapoita jina yako, nitakuwa karibu? Nataka nipige vigelegele bantu bote basikie."

Laurentine aliisogeza sahani yake kando. Akilini alimwona mama yake na kikwembe kile, amesimama uani katika baridi ya miezi isiyo na mvua, akisikiliza makofi kupitia ukutani. Hakungoja asubuhi. Aliwaambia wazazi wake yote, neno kwa neno.

Mama Victorine alikikunja kikwembe polepole. Papa Zéphirin aliuliza, "Darasa lako linajua?"

"Hapana, Papa."

"Basi kesho litajua."

Na lilijua. Laurentine alisimama mbele akasema, "Niliwaficha jambo. Wazazi hawataruhusiwa kuingia. Mlichagua bila kujua, na kosa ni langu." Wengine walinung'unika, na Simone alimkazia macho. Mama Clotilde hakumgombeza. Alichukua mwavuli wake, akawaambia Laurentine na Simone, "Twende sote watatu. Laurentine, ulilolisikia wewe, utalijibu wewe mwenyewe."

Mbele ya mtunzaji, Laurentine ndiye aliyeanza kusema. "Bwana, misalaba hii waliitengeneza babu za wazazi wetu. Wao wakikaa nje, ni nani anayestahili kuwa ndani?"

Kijana yule aligeuka mwekundu. Alimtazama mtawa kama anayeomba msaada, asipate. "Hata nikitaka," alisema mwishoni, "ukumbi hautawatosha."

"Kweli hautatosha," Simone alisema. "Nilipima."

Laurentine aligeuka kuelekea mlango mkubwa. Nje palikuwa na baraza pana yenye ngazi, na mbele yake uwanja wa majani. "Tutoe vyeti hapa barazani," alisema. "Wazazi wakae uwanjani, watuone wote. Tukimaliza, kila familia iingie kutazama, kwa mlango huu huu wa mbele." Mtunzaji alifikiri, akakubali.

Ikawa hivyo, mchana wa jua na upepo baridi. Jina la Laurentine lilipoitwa, vigelegele vya Mama Victorine vilifika hadi barabarani. Baadaye familia ziliingia moja moja, polepole, na hakuna kioo kilichoguswa. Mbele ya misalaba ya shaba Mama Victorine alisimama muda mrefu, akawaeleza watoto waliomzunguka jinsi nyanya yake alivyoolewa kwa mahari ya misalaba kama ile. Mtunzaji alisogea karibu, akamwomba Laurentine amtafsirie.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Papa Zéphirin alisema, "Ulipewa kazi ya kupima mahali, ukapima uzuri wake peke yake. Nyumba ya sherehe huanza kupimwa kwa wageni: wataingiaje, watakaa wapi, wataheshimiwa? Na mtu aliyetumwa kuangalia ni macho ya wenzake. Akificha nusu, amewafumba macho wote."

"Nimesikia, Papa."

"Najua umesikia. Ndiyo maana leo mama yako aliingia kwa mlango wa mbele."