Ukuta Unaolia Kama Ngoma

Jumamosi asubuhi Mama Pacha alikuwa akiosha vyombo jikoni. Watoto wake pacha, wa kike na wa kiume, walikaa sakafuni wakichezea vifuniko vya sufuria. Juu yao kulikuwa na kabati jipya la ukutani. Mumewe alilifunga siku mbili zilizopita. Baba Pacha ni dereva wa lori, lakini kuita fundi hapendi.

"Skrubu nne nene," alijisifu. "Halitoki hilo."

Mama Pacha akapanga humo sahani zote, bakuli na mitungi ya nafaka.

Asubuhi hiyo, mikono ikiwa bado na povu, aliona unga mweupe ukidondokea nywele za binti yake. Akatazama juu. Kati ya kabati na ukuta palikuwa na mwanya wa kidole kizima.

Aliwavuta watoto wote wawili mpaka mlangoni. Nyuma yake kabati likang'oka, likaanguka pale pale walipokuwa wamekaa.

Baba Pacha alitoka bafuni mbio, sabuni shavuni. Aliwakuta watoto wakilia na mama yao akiwapapasa vichwa. Hakuna aliyeumia. Akatazama vipande vya sahani, kisha matundu ukutani.

"Nilidhani ukuta ni ukuta tu," alisema.

"Basi tumwite anayezijua kuta," mkewe akajibu taratibu.

Jirani yao wa mlango wa pili alikuwa seremala, mwanamke. Jengo zima walimwita Dada Randa. Alikuja, akawapa pole, kisha akaokota skrubu moja.

"Shemeji, skrubu haina kosa. Swali ni, ilishika nini? Sikiliza."

Akagonga ukuta kwa kidole. Du, du, du. Akasogea kidogo, akagonga tena. Ti, ti.

"Hapo mwanzo umelia kama ngoma," Baba Pacha alisema. "Hapa haulii."

"Una sikio zuri. Huu ni ukuta wa bodi za jipsamu. Ni laini kama chaki iliyovikwa karatasi, na nyuma yake ni uwazi. Lakini kila baada ya nafasi fulani, mbao zimesimama ndani. Hizo ndizo mifupa yake. Kitu kizito kifunge kwenye mfupa, usikifunge kwenye ngozi."

"Na vile vidude vya plastiki nilivyotia kwenye matundu?"

"Vinatosha picha ya harusi. Sahani za familia, haviziwezi."

Akatoa sumaku ndogo, akaitembeza ukutani polepole. Ikanasa. "Hapa pana skrubu inayoshika bodi. Basi nyuma yake pana mbao." Akaweka alama kwa penseli, akampa Baba Pacha sumaku. "Zilizobaki tafuta wewe."

Alizipata mbili.

"Sasa zima umeme," Dada Randa alisema. "Drili yangu ni ya betri. Nyaya hupita humu ndani, hasa juu na chini ya swichi. Usitoboe hapo, wala mahali bomba linapopita."

Baba Pacha alianza na ubao mmoja wa kulala. Aliunyoosha kwa pima maji, kile kipimo cha usawa, akaufunga kwenye mbao zote tatu za ndani. Safari hii skrubu ziliingia kwa shida, mpaka jasho likamtoka.

"Ukiona ugumu huo, furahi," jirani alimwambia. "Zimeuma mbao."

Wakalikaza kabati pembe zilizolegea, wakaliketisha juu ya ule ubao. Kisha wakalifunga mgongoni, juu na chini, kwa skrubu ndefu kwenye mbao zilezile. Kabla ya kurudisha chombo chochote, Dada Randa aliweka ndani madumu mawili ya maji kulijaribu kwa uzito. Jioni Mama Pacha alijaribu kupenyeza karatasi nyuma ya kabati. Haikupita. Akapanga vyombo vilivyosalia, na mitungi mizito akaiweka chini, karibu na jiko.

Mwezi uliofuata mpangaji wa ghorofa ya chini alinunua kabati. Baba Pacha alikwenda na mkewe kumsaidia bila kuombwa. Hata kiti hakukikalia. Alibandika sikio ukutani, akaanza kugonga. Mpangaji akamkodolea macho.

"Usimshangae," Mama Pacha alisema akicheka. "Mume wangu siku hizi hupiga hodi hata kwa kuta. Na hatoboi mpaka aitikiwe."