Kisu Hakitoi Sumu

Panya walikuwa wamehamia kwa Mustapha. Kila asubuhi magunia ya mahindi yalikutwa yametobolewa, na sakafu inanuka mkojo.

"Paka hana nguvu, baba Ikram," alisema mkewe, Batuli. "Mpe hata ukoko wa ugali."

"Paka aliyeshiba hawindi. Ukimlisha atajiona mwinyi, alale kutwa."

Paka wao, Chausiku, akakonda hadi mbavu zikahesabika. Siku ya mnada Mustapha alikwenda Kibaigwa, akarudi na kijipakiti cha sumu kisicho na maandishi. Akaichanganya na pumba, akaimwaga nyuma ya magunia.

Panya wakaanza kuonekana mchana kweupe, wanayumba. Waliokufa Mustapha aliwashika mkia kwa mkono mtupu na kuwarusha jalalani, anacheka. "Haya, waheshimiwa! Mahindi ya Mustapha matamu?"

Chausiku, kwa njaa yake, alikula wale waliolegea. Mbwa wa zizini akala wa jalalani. Paka akafa chini ya kitanda, damu puani. Mbwa akafuata.

"Ugonjwa tu huo," alisema Mustapha.

Batuli aliogopea kuku wake. Wote walikuwa uzao wa tetea mmoja, ambaye Batuli alipewa na mama yake siku alipoolewa kutoka Kondoa. Mama alikwisha fariki. Kuku wale ndio kitu cha mama kilichobaki kikitembea.

Lakini panya waliikokota pumba hadi uani, na kuku hudonoa chochote. Jioni moja tetea mkubwa akalaza shingo.

"Lete kisu!" alifoka Mustapha. "Tumwahi asiwe kibudu!"

Batuli akaja mbio na kisu. Ikram, binti yao, akaleta bakuli la kupokelea nyama. Hapo jirani yao Generosa, afisa mifugo wa kata, akaingia uani.

"Batuli, weka kisu chini. Kuku huyu amekula nini?"

Batuli akamweleza yote, tangu njaa ya paka na kijipakiti.

"Akichinjwa ni halali," alidakia Mustapha. "Haya si mambo ya dini yako, mama Fabian."

"Halali sijakataa, shemeji. Lakini kisu hakitoi sumu. Imo kwenye nyama, imo kwenye ini. Utamlisha Ikram?"

Mustapha alilitazama lile bakuli mkononi mwa mtoto.

"Anayekula panya mwenye sumu, amekula sumu," aliendelea Generosa. "Na paka umemdhulumu. Paka huwinda hata akishiba, ndiyo tabia yake. Mwenye njaa huokota kilichoanguka. Umemuua askari, wezi watazaana tena."

"Mayai je?" aliuliza Batuli.

"Msile. Fukieni yote. Kuku watakaokufa nao muwafukie."

Walifukia kwa siku kadhaa. Na wezi walizaana kweli. Kabla ya mvua panya walikuwa wamemaliza mahindi ya mbegu, Mustapha akaenda kuomba mbegu kwa kaka yake.

Safari hii alifuata maneno ya Generosa. Alijenga ghala juu ya nguzo ndefu, kila nguzo akaizungushia bati ili panya ateleze. Akafagia chenga kila jioni na kufunika chakula. Akatega mitego. Panya aliyekufa alimshika kwa mfuko wa plastiki, akamfukia kwenye shimo refu, kisha akanawa kwa sabuni. Sumu hakununua tena. Paka mpya alipewa ugali na dagaa, na bado aliwinda.

Mavuno yaliyofuata hayakuguswa. Batuli alinunua kuku wengine mnadani. Wanataga vizuri. Si wa mama.

Kijipakiti kile kiliondoka na paka mmoja, mbwa mmoja, matetea saba na jogoo wao. Vifaranga tisa walikosa mama, wakafa kwa baridi. Katika uzao wa yule tetea wa Kondoa, hakubaki hata mmoja.