Kilichomvusha Jenerali Harwell Mto Potomac

Wakati wa vita vya Kusini na Kaskazini huko Marekani, bibi yangu Keziah alikuwa mpishi wa Jenerali Harwell wa jeshi la Kusini, na alikuwa mtumwa wake. Wazee wa vita husema jenerali alivamia Pennsylvania kutafuta chakula, maana Virginia ilishaliwa ikabaki vumbi. Bibi akisikia hivyo aliguna tu.

Asubuhi moja ya Juni alimpelekea mkate wa mahindi hemani. Alimkuta kitini, macho mekundu, buti bado miguuni.

"Hujalala tena, Bwana?"

"Hawaniachi, Keziah."

"Kina nani?"

"Vijana wangu. Wale niliowapandisha kilimani Desemba, wakauawa." Alinong'ona. "Wamekaa hapo."

Bibi akatazama. Hapakuwa na mtu. Lakini majani yalikuwa yamelala, kama yamekaliwa. Karibu na mguu wa bibi, mengine yakalala taratibu.

"Wanataka nini?"

"Hawasemi. Wananiangalia tu." Akajifuta uso. "Wamezikwa upande huu. Labda hawavuki maji. Nimechoka, Keziah. Kesho tunavuka mto, tunaingia kwa Mayankii, watu wa Kaskazini."

Lakini maofisa wake aliwaambia wanafuata ng'ombe na ngano.

Kesho yake adhuhuri walivuka mto. Askari wakamtania bibi, "Shangazi, leo tukaangie kuku wa Yankii!" Gari lake la nyumbu lilikuwa la mwisho. Akageuka nyuma.

Maji yalikuwa yanaruka. Safu kwa safu. Hapakuwa na mtu.

Kisha mchangani zikatokea nyayo. Za miguu mitupu. Zikalipita gari.

Jenerali akaja na farasi wake kutoka mbele, anatabasamu. "Unasikia palivyotulia, Keziah?"

Angemwambia, angegeuza jeshi. Naye angerudi Virginia, utumwani, asifike Pennsylvania kusiko na utumwa.

"Pametulia, Bwana," akajibu.

Siku ya tatu, ndani ya Pennsylvania, alimpelekea kahawa, akamkuta amekufa kitini. Hana jeraha. Mabegani mwa koti lake palijaa alama za viganja, kimoja juu ya kingine, za udongo mwekundu.

Maofisa walipoanza kugombania uongozi, bibi alilitwaa koti, maana mvua ilikuwa inanyesha, akaingia shambani kwenye ngano. Hakurudi.

Koti hilo ninalo. Bibi alilifua miaka arobaini, alama hazikutoka. Nilipomuuliza kwa nini halitupi, alisema, "Nilinyamaza, mjukuu wangu. Ningenyamaza tena."

Tulipotoka kumzika, nilifungua sanduku alimoliweka koti. Bega la kushoto lilikuwa na kiganja kipya. Kidogo, cha mwanamke.

Udongo wake ulikuwa bado mbichi.