Mke wa Brussels

"Hapo Atomium futa," Mohamednoor alisema, akimrudishia Barwako karatasi.

"Kwa nini?"

"Foleni ni ndefu. Halafu zile ngazi za umeme za ndani zina mataa yanapepesa. Mtu akiwa na mimba anashikwa na kizunguzungu, mpaka umshike mkono."

Barwako aliweka kalamu chini. Ilikuwa Jumamosi mchana, Agosti 2018, katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Kings Heath, Birmingham. Harusi yao ilikuwa imebakiza wiki tatu. Yeye ndiye aliyepanga fungate: siku tatu Brussels, uwanja wa Grand-Place, kasanamu ka mtoto anayekojoa, na ile mipira tisa ya chuma ya Atomium. Mohamednoor, dereva wa lori, alikuwa amemwapia kwamba hajawahi kukanyaga Ubelgiji.

"Ulimshika nani mkono?"

"Ni kitu niliona YouTube."

"Mohamednoor, nani alikuwa na mimba?"

"Sasa unanihoji kama polisi. Watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie. Jibu, ama nimpigie ndugu yako mkubwa sasa hivi, nimuulize yeye."

Alikunja uso, akasukuma kikombe.

"Anaitwa Shurie. Nilimuoa kabla sijakujua."

"Na mlishaachana?"

Mohamednoor aligeuka kumwita mhudumu.

"Nimekuuliza kama mlishaachana."

"Dini inaniruhusu wanne, Barwako."

"Dini haikukuruhusu kunidanganya mwaka mzima. Mpigie. Weka spika."

"Siwezi."

Barwako alinyoosha mkono, na alipoona Mohamednoor hasogei, akaichukua simu yake iliyokuwa mezani, bado haijajifunga. Akalitafuta jina, akapiga.

"Baba Hibo, leo umemaliza kazi mapema?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Sio yeye. Naitwa Barwako. Niko naye hapa Birmingham. Anataka kunioa wiki tatu zijazo."

Mtoto alisikika akilia upande wa pili.

"Barwako?" Shurie alisema polepole. "Aliniambia wewe ni binti wa mjomba wake. Kwamba unatutafutia nyumba tuhamie huko."

"Nyumba nimepata, iko Nechells. Mapazia nimeshaweka. Nilidhani ni yangu."

"Hibo ana miezi kumi, dada. Mpe huyo mwanaume simu."

Mohamednoor aliipokea, akaikata bila kuisogeza sikioni.

"Umenivunjia nyumba," alisema kwa hasira.

"Ipi kati ya hizo mbili? Nipe ufunguo wa Nechells."

"Unanifedhehesha mbele ya ukoo wako na wangu."

"Ufunguo."

Aliutupa mezani. Barwako akauokota, akatoka nje bila kuaga. Akiwa kituo cha basi alimwandikia baba yake:

"Baba, harusi haipo. Ana mke na mtoto Ubelgiji. Tafadhali waambie wageni."

Kabla basi halijafika, ujumbe wa namba ngeni uliingia: "Nimechukua namba yako kwa dada yake. Asante kwa kunipigia. Huku nambadilishia kufuli leo hii. Shurie."

Kisha baba yake akapiga.

"Amekugusa kwa ubaya?"

"Hapana, Baba."

"Basi rudi nyumbani. Mama yako ameshampigia mpishi, na mimi nitakwenda kuongea na wazee wake. Wewe usiongee na mtu."

"Baba, samahani kwa aibu hii."

"Aibu ni ya aliyedanganya. Umekula?"

Barwako aliona basi likisimama mbele yake. Alipanda basi, akakaa dirishani, na hapo ndipo akalia.