Kidole cha Najmo

Simu ya Najmo ilikuwa imefungiwa kabatini tangu Jumatatu, lakini kidole gumba chake hakikupumzika. Kilipanda na kushuka juu ya kitambaa cha meza, juu ya paja, hata juu ya mkate. Falis, mamake, alijipa moyo. Mtoto wa miaka kumi na mitano ameshinda mwaka mzima mtandaoni, hali wala halali usingizi. Mazoea yangetokaje kwa siku chache?

Jumamosi mchana, nyumba yao ya mtaa wa Sparkbrook, Birmingham, Uingereza, ikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Najmo, umeunguza nini?"

"Nirudishie mlango wangu."

Falis akaganda. Bintiye alizaliwa papa hapa Birmingham. Ukimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza. Na hiki kilikuwa Kiswahili safi, kwa sauti ya mwanamume.

Alipomshika, Najmo alimng'ata mkono mpaka meno yakagota mfupa, akamburura kwa nywele hadi ukutani, kisha akaanza kujibamiza paji la uso mwenyewe, damu ikimwingia machoni, naye akicheka, na kidole kile kikiendelea kupanda na kushuka bila haraka yoyote.

Kwa mkono uliobaki mzima, Falis akafanya wanavyofanya wenzake wote mtaani: akampigia Sheikh Abdirizak, kule Eastleigh, Nairobi, amsomee mtoto kwa simu.

"Mwekee sikioni, dadangu," sheikh akanong'ona. "Usikate. Ukikata kabla sijamaliza, jini atabaki alipo."

Falis akamkandamiza Najmo kifuani kwa magoti, akambandika simu sikioni. Kisomo kikaanza. Najmo akatulia, akatabasamu.

"Ahsante kwa mlango," ile sauti ikasema.

Kidole kikasimama. Simuni, kule Eastleigh, meza ikasikika ikipinduka, kitu kikavunjika kwa mlio wa mfupa, na sheikh akapiga ukelele.

"Mum," Najmo akalia, "it hurts."

Kiingereza! Falis akamkumbatia, akabubujikwa na machozi ya furaha.

"Dadangu, usikate!" sheikh alikuwa akikoroma. "Nisomee na wewe! Nakuomba, niso—"

Falis alijua anachofanya. Alimtazama mwanawe, akakata.

Simu ikaita papo hapo. Ni sheikh. Akaizima, ikaita ikiwa imezimwa. Iliita na kuita, naye amekaa sakafuni, kidole cha Najmo amekishika ndani ya kiganja chake, kimetulia, hadi mwishowe ikanyamaza.

Ndipo kule juu, ndani ya kabati, simu ya Najmo ikaanza kuita, na ndani ya kiganja cha Falis kidole kikasogea.